Moyo Nyuma ya Pazia

Halafihi aliketi akimpa mgonjwa mgongo, macho kwenye kioo cha mashine. Kati yao lilining'inia pazia. Mgonjwa alikuwa dada yake, Luseane, na huku Vava'u kaka hamwoni dada yake akiwa kifua wazi, hata kama kaka huyo ndiye mpimaji pekee wa picha za moyo kisiwani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nadhani hawakuwahi kuishi Tonga.

Kule nyuma, Philippa, muuguzi aliyekuja na madaktari wa Nyuzilandi, ndiye aliyepitisha kipimo kifuani, akifuata maelekezo.

"Amejifunika shuka mpaka usoni," alisema.

"Mwache, ni heshima. Sogeza kushoto. Bonyeza kidogo."

Ndege ya madaktari ilikuwa na nafasi ya mgonjwa mmoja tu wa kwenda kupasuliwa Auckland, na waliobaki kwenye mchujo ni wawili. Mmoja ni Luseane, aliyekuwa akizimia katikati ya kwaya. Wa pili ni Semisi, seremala, mume wa Kalolaine. Huyo Kalolaine na Luseane walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Ambaye valvu yake, kile kilango cha moyo, imebana zaidi ndiye atakayepanda ndege. Mwenzake angoje mwaka kesho, akijaliwa.

Valvu iliyobana huitoa damu kwa kasi, kama maji ya mpira uliozibwa kwa kidole. Ya Semisi ilikuwa imetoka hivyo asubuhi ile, na Halafihi aliogopa kuona ya dada yake. Akatazama. Valvu ilifunguka yote, ikafunga sawasawa, damu ikapita bila shida. Akapima upya. Ikawa vilevile. Alifurahi sana, na papo hapo akaumia, kwa kuwa moyoni alikwishampa Luseane ile nafasi.

Daktari mkuu hakuridhika. Alisema alipomsikiliza Luseane siku iliyotangulia, alisikia mvumo mbaya kifuani.

"Masikio hukosea, daktari," Halafihi alimjibu. "Picha nimeipima mwenyewe. Dada yangu nampenda, lakini nafasi ni ya Semisi."

Maneno hayo yalifika kanisani kabla yake. Watu wakamsifu kwamba ndiye mtu wa haki, asiyependelea hata damu yake. Sifa ni tamu, na yeye alizimeza zote. Luseane naye alimpongeza, akiwa amesimama mbali kama inavyopasa, macho chini. Alisema amefanya vyema, Semisi ana watoto.

Semisi alirudi kutoka Auckland anatembea kifua mbele. Luseane aliendelea kuzimia. Kila mara kaka yake alikuwa na jibu: joto, uchovu, kufunga kula. Moyo wake ameuona kwa macho yake, angeogopa nini?

Jumapili moja Luseane alianguka huku wenzake wakiimba, na safari hii hakuinuka.

Msibani Halafihi alikaa nje, mbali na mwili, kama desturi inavyomtaka kaka. Alikuwa na hasira na Mungu na hakuificha. Yeye alimwuliza kila aliyekuja kumpa pole ni nini kilichomwua mtu mwenye moyo mzima. Waliinamisha vichwa wakapita.

Mwishowe alikuja Kalolaine, nywele kazikata kwa msiba, na nyuma yake Semisi amejitwika rundo la mikeka ya mazishi, hata hatweti. Kalolaine alimwambia mumewe atangulie ndani. Kisha akapiga magoti mbele ya Halafihi.

"Siku ile ya kipimo Luseane aliona haya kuvua nguo na wewe umo chumbani, pazia au si pazia," alisema. "Akaniomba nilale mimi. Nilikuwa nakuja kukwambia, kaka, ndipo nikasikia umempa nafasi mume wangu."