Kumwangalia Babu Eulogio

Ukutani, juu ya jiko la kuni, ilibaki misumari miwili mitupu. Bunduki ya kuwindia sungura haikuwepo.

"Iko wapi?" Yanela aliuliza, hata begi hajalitua.

"Kwa jirani, kwa Braulio," babu yake alijibu bila kugeuka. "Mama yako kapiga kelele kwenye simu mpaka nikaona bora niipeleke. Funga mlango, baridi hiyo."

Kumbe mama hakutia chumvi. Kule Montevideo, kabla basi halijaondoka, alikuwa amemshika mabega yote mawili. "Babu yako hayuko sawa tangu abaki mjane. Likizo hii kaa naye, usimwache peke yake. Ukiona kanyamaza sana, muulize wazi wazi, usizunguke."

Yanela, miaka kumi na sita, alikubali. Siku hizi alikubali kila kitu. Kukataa kulitaka nguvu.

Basi akawa anamwangalia babu yake kama mtu aangaliavyo maziwa jikoni: bila kuwaza lolote, ila asibanduke. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi, maana mzee naye alimganda kama kupe. Akienda kuwapa kuku mahindi, alimwita. Akipasua kuni, alitaka mtu wa kuzipanga. Yanela akiingia bafuni, mzee alisimama nje akipiga mluzi. Akijilaza mchana, alisikia kiti kikiburutwa mpaka mlangoni pake. "Kwingine kote kuna upepo," mzee alidai.

Anaogopa kubaki peke yake, Yanela aliwaza. Hata vidonge vyake vya presha vilikaa kwa bibi wa nyumba ya pili, aliyemletea kimoja kimoja kila asubuhi.

Mvua ikinyesha mzee alikaanga mikate, kama nyumba zote za mji ule.

"Kula."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

Alikula nusu, ili mzee naye ale. Ilikuwa kama kutafuna kadibodi.

Baada ya kula walicheza truco, mchezo wa karata wa kutishiana. "Truco!" mzee alinguruma, akiipiga meza kwa kiganja. Yanela alizilaza karata zake kifudifudi, akakubali kushindwa. Mzee akazifunua, akashika kichwa.

"Toba! Una karata kama hizi unakimbia? Mimi sina kitu hapa! Nimekudanganya peupe, bibie."

"Sawa."

"Sawa? Mwaka jana ungenitupia kiatu." Alizikusanya karata. "Na gitaa lako mbona hukuja nalo?"

"Nimempa Micaela."

"Umemwazima?"

"Nimempa. Sikuwa nalipiga tena."

Mzee alichanganya karata muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alasiri moja Yanela alimkuta ameketi mbele ya jiko, kibuyu cha chai ya yerba kimepoa mkononi, macho kwenye moto. Hakumtania. Hakumsimanga kwa kutembea na soksi. Yanela aliyakumbuka maneno ya mama, akavuta kigoda.

"Babu."

"Naam."

"Unawaza kujiua?"

Aliuliza kama anayeuliza kama chai iongezwe sukari. Alingoja moyo umwende mbio, haukwenda.

Mzee aliyatoa macho motoni. "Niliwahi," alisema. "Mwaka ule alipofariki bibi yako. Nikamwambia Braulio. Yule mwehu akahamia hapa na godoro lake, akanikoromea majira yote ya baridi. Akaniburuta kwa daktari pia, nikimtukana njia nzima. Basi wazo lile likanipungua. Si kwa siku moja, lakini likapungua, mpaka siku nikajikuta nagombana na redio juu ya mpira." Alimimina maji ya moto kwenye kibuyu, akampa. "Na wewe?"

Yanela alivuta mrija. Hakutaka mzee ajione peke yake na jambo zito kama lile. Akamjibu, kumsindikiza tu.

"Mimi pia. Karibu kila siku."

Maneno yalitoka mepesi, kama ya mtu mwingine. Alipomrudishia kibuyu, mzee alikipokea ovyo, maji yakamwagika gotini. Hakupiga kelele. Hakuhubiri.

"Asante kwa kuniambia," alisema, akatia kuni jikoni.

Asubuhi yake alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa koti lake la misibani.

"Nisindikize zahanati, mjukuu wangu. Wale watu wa koti jeupe wananitia woga."

Walikwenda na gari la Braulio, watatu wamebanana kiti cha mbele. Braulio aliendesha polepole, kama aliyebeba mayai.

Kwenye benchi la kusubiri Yanela aliushika mkono wa babu yake. Ulikuwa baridi, umelowa jasho. Kwa mara ya kwanza tangu sijui lini alihisi kitu, kidogo tu, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu.

"Usiogope, Babu. Sema kama ulivyoniambia mimi."

"Ndivyo, eh? Ni kusema tu?"

"Kusema tu. Ukitaka, naingia na wewe."

Machozi yalimlenga mzee.

Mlango ulifunguliwa. Daktari, mwanamke kijana, aliangaza macho benchini.

"Yanela Acuña?"

Babu Eulogio alikuwa keshasimama, bado kaushika mkono wake.

"Ukitaka," alisema, "naingia na wewe."