Buluu Kila Asubuhi

Buluu tena. Sista Yudith aliinua kichupa cha kupimia kuelekea dirishani, akakitazama mara mbili. Mkojo wenye sukari, ukichemshwa na ile dawa ya buluu, huigeuza ikawa nyekundu ya matofali. Kwa Mzee Elieza, mgonjwa wa kisukari aliyepasuliwa ngiri, siku ya tisa sasa, dawa ilibaki buluu vilevile.

Akaandika kwenye faili: sukari imetulia. Insulini haikuongezwa. Lakini mshono wa ngiri ulikuwa umefumuka, unatoa usaha, na harufu ilifika mlangoni mwa wodi.

"Kama si sukari, ni nini basi?" Dokta Respicius alifoka. Maduka ya dawa ya watu binafsi yalifunguliwa Dodoma kila kukicha, ila vijiti vya kupimia sukari ya damu havikuwepo hata kwa dawa. "Una hakika na mkojo huu, Sista?"

"Anauleta binti yake mwenyewe."

Na binti huyo, Jenifa, hakuwa na mfano. Alikuja naye kutoka Makutupora, akawa analala verandani. Alipiga magoti, "Shikamoo, baba," akatenga ugali na mlenda, kisha akageukia ukuta hadi mzee amalize. Hata chupa ya mkojo aliibeba chini ya kanga. Yudith, peke yake na vitanda arobaini, alimshukuru Mungu kwa msaada ule.

"Kwenu hakuna mtoto wa kiume?" alimuuliza siku moja.

"Yupo Obedi. Yuko Mererani, machimboni."

"Aje ajifunze kwako."

Jenifa akainama, akavuta kanga hadi usoni.

Siku ya kumi na moja mzee akaanza kuweweseka, mwili unawaka moto. Kabla ya adhuhuri akakata roho. Yudith alikuwa amezoea vifo, lakini hiki kilimuuma. Alikuwa amepima kila asubuhi, hakukosa hata siku moja.

Alimkuta Jenifa verandani, chupa tupu mapajani. Akamkumbatia, wakalia wote.

"Usijilaumu, mwanangu. Hakuna binti angemfanyia baba yake zaidi ya hayo."

"Mimi si binti yake, Sista," Jenifa alisema kwa kwikwi. "Mimi ni mke wa Obedi. Ningemwombaje mkwe wangu mkojo? Kila siku nilikuwa naweka wangu."