Mkono wa Baba Mezani

Siku mbili kabla ya Krismasi niliisafisha karakana ya Baba, kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu Donholm, ambamo huchonga vinyago. Nilifagia maranda, nikavipanga upya vifaa vyake vyote mezani.

"Kavinya, hii bado ni karakana ama ni kanisa?" alitania alipoingia.

"Wageni wako njiani, Baba. Wasikute vumbi."

Alicheka, akaketi, akamlaza mapajani twiga ambaye hajakamilika. Kisha akanyoosha mkono kulia, mahali ambapo patasi yake ilikaa miaka yote.

Sasa hapo palikuwa na tezo ya kuchongea, makali yake juu.

Macho yake yalikuwa yameielekea. Jua la saa sita lilijaa chumbani. Lakini vidole vyake vilipapasa polepole, kama vya mtu anayetafuta kiberiti stima ikipotea.

Nilimwita haraka. "Baba, usisogeze mkono. Hiyo ni tezo."

Vidole vilisimama hewani, upana wa ukucha kutoka kwenye chuma.

"Huioni?"

Aliurudisha mkono mapajani, juu ya twiga.

"Funga mlango," alisema hatimaye. "Mama yako asisikie."