Kidole Kwenye Ramani

Merridy alikuwa akiandika maisha ya marais waliopita wa chama cha walimu wa jiografia cha kisiwa cha Tasmania, Australia. Yule ambaye zamu yake ya kuandikwa ilikuwa imefika alishafariki. Mjane wake alikuwa akimimina chai.

"Andika kwamba alikuwa mkali," bibi alisema. "Ramani haiguswi kwa kidole! Mtoto akithubutu, ile fimbo ya kuonyeshea ilihamia mgongoni."

Ramani kuukuu ya kisiwa, ya marehemu, ilining'inia dirishani kama pazia, ikipumua polepole kwa upepo, mithili ya mtu aliyelala. Jua la alasiri lilipenya mahali pamoja tu, pwani ya magharibi, ambapo kitambaa kilikuwa kimelika kikawa chembamba kama ganda la kitunguu. Jina la mji lilikuwa limefutika.

Merridy akapagusa. Kidole kikatulia pale kama chanda na pete. Hakuhitaji jina, aliujua mpindo ule wa mto. Huko ndiko mama yake alikomzaa, akamlea peke yake, asimtaje baba hata siku moja.

"Kila jioni mume wangu alisimama hapo, kidole chake mahali hapo hapo," bibi alisema taratibu. "Macho yangu hayaoni vizuri tena. Hapo ni wapi, mwalimu?"

Maisha yake yote Merridy alikuwa amefundisha jiografia.

"Sijui, bibi," alisema.