Swala Alingoja Pembe

Swala alipomshtaki Fisi kwa kumuumiza utotoni, Fisi alicheka. "Kidonda cha zamani hicho!"

Kobe, mtunga sheria, akauliza, "Mwanangu, mbona hukuja kabla masika ya mwaka ule hayajapita, kama sheria isemavyo?"

"Nilikuja, babu. Bawabu akanirudisha. Alisema kwa sheria yako asiye na pembe hasemi barazani. Nikangoja ziote."

Kobe akainama. Sheria zote mbili alizitunga kwa nia njema, ila hakuwahi kuzisoma pamoja. Akazifuta palepale, lakini kosa la zamani lilikwishapitwa na muda.

Fisi alipokuwa akitoka, mtoto wa Digidigi aliingia akichechemea, hana pembe.

"Nani kakuumiza?" Kobe akauliza.

Mtoto akamwonyesha Fisi. Bawabu akafunga mlango, Fisi angali ndani.

"Ningesikilizwa mimi," Swala akasema, "huyu angekuwa anacheza."