Meno Kwenye Kijiko

Dalali alipogonga meza, kijiko cha kale cha fedha kutoka Urusi kikawa cha Bwana Shomvi, mwenye kabati zima la vyombo vya namna hiyo. Kama kawaida yake, akatoa kitambaa ili akisugue papo hapo.

"Ngoja kwanza, mzee wangu," akasema mwanamke aliyekileta mnadani. "Hapo kwenye ncha usisugue. Ni meno ya mwanangu."

Shomvi akapapasa, akahisi vishimo vidogo.

"Mwenyewe yuko wapi?"

Mwanamke akakitazama kijiko, kisha akageuka akaenda zake.

Nyumbani, Shomvi akafungua kabati. Vijiko alivyovisugua miaka yote vilimeta kana kwamba vimetoka dukani jana. Akaketi, akavipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba, taratibu, akitafuta.