Bunduki Tano, Nta Moja

Risasi ya kumi na moja ilitoka kwa kishindo cha mlango unaofungwa kwa hasira, ikagonga karatasi, ikanata pale kama tope.

"Katikati tena," Orrin alisema. Hakufurahi.

Walikuwa chini ya nyumba, yeye na mwanawe Thayne, kwenye stoo ya mkewe Nedra, wamezungukwa na mitungi ya pichi na nyanya za kula wakati wa theluji. Ukutani blanketi kuukuu, juu yake karatasi nyeupe ya ukubwa wa kiganja. Hatua nane. Risasi zenyewe hazina baruti, ni fataki tu na kipande cha nta mbele. Hazitoboi hata blanketi.

"Orrin!" Nedra alipaza sauti kutoka jikoni. "Hiyo nta ni ya kufunikia jemu! Mkiimaliza mtakula mkate mkavu mpaka Pasaka!"

"Tumekubakizia, Mama!" Thayne alijibu.

"Mmenibakizia nini, na nyumba nzima inanuka vita? Na ole wenu mnivunjie mtungi!"

Thayne akacheka. Wiki nzima hakuwa amecheka. Akaweka ya kumi na mbili.

"Imetosha," Orrin alisema. "Mtakuwa watano. Si wewe peke yako."

"Wale wanne? Mzee, jana Cloyd kaniuliza eti akifumba macho itaonekana? Wale hata kopo linawashinda."

"Bado unaweza kujitoa."

"Nimemwahidi."

Aliyeahidiwa ni Delmar Stott. Alimuua muuza duka mchana kweupe, na mahakamani hakubisha. Sheria ya Utah ikamwachia achague, kamba au risasi. Akachagua risasi. Thayne ni askari wa sherifu, na miezi mitano yeye ndiye aliyekuwa akimpelekea sahani. Siku moja Stott akashika nondo za selo, akamwambia: "Ndugu yangu, uwe mmoja wao. Wengine watatetemeka. Mimi kufa sawa, ila nisikorome pale kama ng'ombe aliyechinjwa na kisu butu. Wewe lenga."

Thayne akasema ndiyo. Basi tangu hapo ni kulenga tu, kila akitoka kazini, mpaka nta ya jemu ikaanza kuisha.

Orrin alikuwa na lake moyoni. Miaka kumi na saba nyuma na yeye alikuwa mmoja wa wapigaji watano, nyuma ya turubai linalowaficha. Desturi ni ile ile: bunduki tano, moja inawekwa nta badala ya risasi, na asijue mtu ni ipi, ili kila mmoja akirudi kwake ajiambie labda ni yangu. Orrin hakupata hata hiyo labda. Bega lilimwambia. Bunduki ya nta hairudi nyuma kwa nguvu, na yake ilirudi kama teke la punda. Tangu siku hiyo hajaleta nyumbani hata kulungu mmoja, na Nedra hajawahi kumuuliza.

Safari hii fundi wa kuzipakia ni yeye.

Asubuhi ya siku yenyewe walimfungia peke yake kwenye chumba cha silaha. Nne akazitia risasi za kweli. Ya tano akaitia nta, ila nyuma yake akashindilia baruti, isukume bega sawasawa na zile nyingine. Alitakiwa azichanganye. Sherifu alipoingia akazichanganya kweli mbele yake, lakini mkono wake ulijua ipi ni ipi.

Risasi moja inaua mtu. Hizi ni nne. Stott ataondoka upesi, ahadi itakuwa imetimia, na mtoto atarudi nyumbani na mikono safi hata bila kujua. Nani ataumia hapo? Orrin alijiuliza, hakumwona mtu.

Akapita akizigawa. Akampa Thayne ile ya nta.

Wale watano wakakaa nyuma ya turubai, kila mmoja na tundu lake. Cloyd jasho lilikuwa linamtiririka na baridi ile.

"Bingwa wetu yupo," akanong'ona. "Thayne, piga kazi, kaka. Sisi tunakusindikiza tu."

Wenzake watatu wakaguna kucheka. Orrin aliwasikia. Alidhani ni woga tu, na woga una mizaha yake.

Upande wa pili Stott alikuwa amefungwa kwenye kiti, kichwani mfuko mweusi, kifuani karatasi nyeupe mahali moyo ulipo.

"Una neno?" sherifu aliuliza.

"Thayne yupo?"

Kujibu ni marufuku. Thayne akakohoa mara moja. Ule mfuko mweusi ukainama kidogo, kama mtu anayeshukuru chakula, na mabega ya Stott yakalegea.

Sherifu akahesabu. Bunduki tano zikalia kama moja.

Thayne akashusha ya kwake. Uso mweupe, lakini mkono umetulia. "Imeingia, Mzee. Nimeiona kwa macho yangu. Katikati."

"Najua, mwanangu," Orrin alisema, akamshika bega.

Hapo ndipo sauti ilipoanza kule mbele. Mtu anakoroma. Katikati ya kukoroma anaita jina, na jina ni la Thayne.

Daktari akakimbia. Orrin akamfuata, akafika kitini daktari akiwa anapapasa kwa vidole vyekundu: tundu moja la bega, moja la tumbo, moja la paja, na la nne limechana mbao ya kiti. Ile karatasi ya kifuani haikuwa na tundu hata moja. Katikati yake kabisa palikuwa na doa la nta, bado la moto.